Madam Kiden Aliyeuliza Simu Iko kwa Nani

Baada ya miaka thelathini na saba ya kushika chaki, Madam Stella Kiden, mwalimu wetu wa Kiswahili na Kilimo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026. Kamati ya sherehe iliniomba niandike habari zake katika ukurasa mmoja. Nimezidisha, na kamati haina la kufanya, kwa sababu kompyuta inayochapa ratiba hii naitunza mimi, Francis Amandu, mwalimu wa kompyuta. Madam mwenyewe aliomba iandikwe kwa Kiswahili, ili wazazi Wakakwa, Walugbara na wale waliotoka Sudan Kusini wasome karatasi moja.

Madam Kiden ni mzaliwa wa Koboko, binti wa askari. Kiswahili chake cha kwanza alikipata kambini, kikiwa kimejaa amri, na amri hizo hazijamtoka. Akisema "kaa chini", hata mgeni wa wilaya hutafuta kiti. Vita vilipofika kwetu mwaka 1980, familia yake ilivuka mpaka kwenda Sudan, na darasa la saba alilimaliza huko, chini ya turubai, wanafunzi tisa wakisoma kitabu kimoja. Aliwahi kutuambia kwamba yeye alizoea kukisoma kichwa chini, kwa sababu nafasi yake ilikuwa upande wa juu wa kitabu. Ndiyo maana hadi leo husahihisha daftari la mwanafunzi akiwa amesimama mbele ya dawati lake, bila kuligeuza.

Aliporudi nyumbani alisomea ualimu, akaanza kazi mwaka 1989 katika shule ya msingi huko Koboko. Likizo zake alizitumia kujiendeleza, na mwaka 2004 akahamia kwetu hapa Arua. Alipanga nyumba Onduparaka na akapata kipande cha shamba Ayivu. Wanafunzi wajanja waligundua mapema kwamba mwalimu wao ni shabiki mkubwa wa mpira, wakawa wanasubiri timu ya mtaa ishinde ndipo walete insha zao. Yeye anakana. Mimi nimeyaona matokeo, na nitasema tu kwamba Jumatatu fulani zilikuwa na neema kuliko nyingine.

Nilipoajiriwa hapa mwaka 2016 nilikuwa kijana mwenye haraka. Niliamini kwamba kila shida ya shule ina programu yake mahali fulani mtandaoni, na kazi yangu ni kuitafuta. Mtihani wa kwanza ambao Madam aliuchapa mwenyewe ulitokea kwenye kioo na mistari myekundu chini ya karibu kila neno, maana kompyuta ile ilikuwa haijawahi kukutana na Kiswahili. Aliutazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kompyuta hii imesoma chuo gani. Nilicheka peke yangu.

Nilidhani basi kwamba ni adui wa teknolojia. Nilikosea. Ana utaratibu wake, na sijauona kwa mtu mwingine. Kifaa chochote kipya hukitumia muhula mzima kabla ya kusema lolote, na hukijaribu kwanza nyumbani kwake. Utabiri wa hali ya hewa aliupima kwa maharage. Simu ilisema jua, akaanika, mvua ikanyesha Ayivu na kwingine kote kukawa kukavu. Mwisho wa muhula alitoa hukumu kwamba simu inaijua Arua, ila kwa shamba lake bado haijatambulishwa. Simu hiyohiyo, hata hivyo, ilimwonyesha video ya wakulima wanaohifadhi maharage kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Aliijaribu, wadudu wakakoma, na somo hilo sasa linafundishwa kidato cha pili kwa magunia halisi.

Zilipokuja programu za kuandika insha, walimu tuligawanyika, wengine wakitaka zipigwe marufuku. Madam aliiagiza moja imwandikie habari za soko la Arua. Iliandika vizuri mno, kwa Kiswahili cha kupigiwa mfano, na katika aya ya pili ikaweka wavuvi wa baharini nje ya geti, nasi bahari tunaisikia redioni tu. Alichapa insha ile, akawagawia wanafunzi, akawatuma sokoni kuisahihisha kwa miguu yao. Walirudi na bei za dagaa, majina ya vichochoro na ugomvi wa wauza mihogo, na sijawahi kuona insha za wanafunzi wetu zikiwa na uhai kama siku ile. Programu hiyo bado anaitumia. Humwandalia maswali thelathini ya marudio kwa dakika moja, naye hutupilia mbali kumi na moja.

Mama yake alipofariki mwaka 2022, wadogo zake walitaka mazishi yaonyeshwe kwa simu kwa ajili ya kaka yao aliye Kanada, ambaye hakupata ruhusa ya kusafiri. Madam alikataa. Alisema kaburi si la kutazamwa kwenye kioo. Asubuhi ya mazishi kaka yake alipiga, akalia tu. Madam akaichukua simu na kuiinua mwenyewe, tangu sala ya kwanza mpaka udongo wa mwisho, karibu saa mbili, na tulipojitolea kumpokea alitusukuma kwa kiwiko. Nilikuwepo Koboko siku hiyo. Sijui kipimo cha kupimia faida ya kifaa kama hicho, ila najua jioni yote alishika kikombe kwa mkono mwingine na hakulalamika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelikwepa miaka sita.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mimi ndiye niliyebeba masomo ya kidato cha nne. Niliunda kundi la WhatsApp lenye wanafunzi arobaini na watatu, na walimu wakawa wanatuma masomo kwa ujumbe wa sauti. Nilikuwa na jedwali langu la kompyuta. Tiki mbili za buluu zikitokea, namwandika mwanafunzi kuwa amehudhuria. Kazi ikirudi, naandika alama. Nilijivunia jedwali hilo hadi nikalipaka rangi.

Ilipokaribia watahiniwa kuitwa tena darasani, mwalimu mkuu aliomba majina ya wasiostahili kuendelea na mtihani, warudie mwaka. Jina la kwanza nililolikata lilikuwa la Mercy Lukudu, binti wa Sudan Kusini aliyekuwa akiishi Koboko kwa shangazi yake, Mama Santa. Mahudhurio yake yalikuwa kamili, somo baada ya somo. Kazi alizorudisha: hakuna hata moja. Mara kwa mara lilikuja jibu fupi, "Nimesikia mwalimu", basi. Nilimwona ni mtoto mwenye kiburi, anayesikia kila kitu na kupuuza kila kitu, na maoni hayo niliyaandika pembeni ya jina lake.

Karatasi ilihitaji sahihi ya Madam Kiden kama mwalimu wa darasa. Hakutia. Alisema Mercy alikuwa akiuliza swali moja mara tatu mpaka alielewe, na mtu wa namna hiyo hanyamazi miezi sita bila sababu. Kisha akaniuliza jambo ambalo halikuwa na safu kwenye jedwali langu: simu hii iko kwa nani?

Sikujua. Nilikuwa na namba tu. Wenyeji mtanielewa, kwa maana sote tunafanya hivyo. Shule ikiomba namba ya simu, mtu haandiki ya kwake yenye vitufe. Anaandika ile nzuri kuliko zote katika ua, iwe ya mjomba, ya mpangaji au ya jirani, ili asiaibike mbele ya fomu. Nami nililelewa katika ua wa namna hiyo, na nilisahau mara tu nilipopata ofisi.

Madam alitoa simu yake, akapiga namba ile kwa kupiga tu, kama watu wa zamani. Alipokea mwanamume. Alikuwa Yasiri, dereva wa lori, jirani wa Mama Santa. Sauti ilikuwa wazi, nami niliyasikia maneno yake yote.

"Mwalimu, mimi iko Elegu hapa mpakani siku kumi na tisa, nangojea majibu ya korona. Masomo yote nasikia, mimi na turnboi wangu, utingo wa lori. Ile ya maharage nasikia mara mbili. Lakini Mercy iko Koboko, na simu iko na mimi."

Alikuwa akisafiri kwenda Juba na kurudi, na mpakani madereva walizuiwa kwa wiki nzima nzima. Kila somo lililoingia alilifungua na kulisikiliza hadi mwisho, akikusudia kumsimulia Mercy akifika nyumbani, ambako hakuwa amefika tangu shule zifungwe. Tiki zilikuwa za kweli, na ile "Nimesikia mwalimu" aliiandika yeye. Aliyehudhuria alikuwa Yasiri, na naweza kushuhudia kwamba alielewa vizuri, kwa sababu alimwuliza Madam nafasi kati ya mistari ya maharage, akarekebishwa, akashukuru.

Magari ya abiria yalikuwa yamezuiwa wilaya zetu za mpakani. Siku ya pili Madam alipata kiti katika gari la kubeba unga, akaenda Koboko na masomo yote yaliyochapwa, kifurushi kizito kama tofali. Alimkuta Mercy sokoni akikaanga mihogo. Kwa miezi sita hakuwa amepata hata neno moja kutoka shuleni, naye alihitimisha kama ambavyo yeyote angehitimisha, kwamba tumemsahau au hatumtaki. Sketi ya shule alikwisha kumpa binamu yake. Mama Santa alikuwa amemtafutia kazi ya hoteli Juba, na safari ilikuwa Jumamosi, baada ya siku tatu, katika lori la Yasiri huyohuyo, aliyetarajiwa kupita nyumbani majibu yake yakitoka.

Madam hakuhubiri. Mama Santa amenisimulia kwamba alivuta kigoda, akashika kisu, akamenya mihogo pamoja nao mpaka beseni likaisha, ndipo akasema, "Huyu mtoto iko na mtihani. Sisi ndio tulipotea, si yeye." Mercy hakupanda lori.

Madam hakuniletea vita. Alikaa nami siku nzima, tukapiga simu arobaini na tatu za kawaida. Wanafunzi tisa tu ndio walioshika simu zao wenyewe. Kundi hatukulifuta, kwa wale tisa lilifanya kazi nzuri. Wengine tuliwaandikia karatasi, wengine tuliwapelekea masomo kwenye memori kadi kwa waendesha boda waliokuwa wakibeba mizigo, na kila mmoja alipigiwa kila Jumamosi ili sauti yake isikike. Kwenye mkutano wa walimu, mwalimu mkuu alipouliza nani alikata jina la mtahiniwa kimakosa, nilikuwa bado napekua karatasi zangu wakati Madam aliposimama na kusema, "Tulikosea." Alisema tulikosea, yeye ambaye hakutia hata sahihi. Nami nikanyamaza, na nimeendelea kunyamaza.

Mercy Lukudu alifaulu mtihani ule na uliofuata. Sasa anasomea ualimu chuo kikuu hapa Arua, na muhula huu yuko shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, katika darasa lilelile la Madam. Nilikuwa nakutana naye kila asubuhi kwenye chumba cha walimu, ananisalimu kwa heshima, nami naondoka nikiiacha chai mezani.

Jumanne iliyopita nilimwambia. Nilimwonyesha karatasi yenyewe, jina lake limekatwa, na neno "kiburi" kwa mwandiko wangu. Aliisoma taratibu. Alisema Madam alimwambia tu kwamba namba ya simu ilikuwa na shida, na hakuwahi kumtaja mtu. Akaikunja karatasi, akanirudishia. Kisha akasema, "Mwalimu Amandu, nafundisha watoto themanini na mmoja. Nitafutie hilo jedwali, lakini tukae pamoja nilijaze, unionyeshe pale linapodanganya." Tulikaa Jumatano mchana kutwa.

Madam Kiden, wenzangu watakusomea leo idadi ya miaka, madarasa na vyeti, na watakukabidhi zawadi. Uliniomba nisiandike mambo ya kukufanya ulie mbele ya wazazi. Nisamehe. Mimi ninakupenda kama mama, na chumba cha walimu kitakuwa kikubwa mno bila wewe. Nenda Koboko ukapumzike, ulale mpaka jua likuchoke, maharage yako yazae, mwili wako uwe na afya na ua wako uwe na wageni. Mungu akupe uzee mtamu.

Na kwa kuwa wewe hukusema, acha niseme mimi, hapa, kwa maandishi, mbele ya shule nzima na wazazi: jina la Mercy Lukudu nililikata mimi. Aliyelirudisha ni wewe.