Don Casimiro Querevalú na Unyoya wa Ngisi

Ndugu wafiwa, majirani wa Yacila, wavuvi, na akina mama wa uga huu wa kupasulia samaki tulimokaa sasa hivi, wekeni vikombe vya kahawa chini kidogo mtege masikio. Kazi hii ya kusoma wasifu familia imenipa mimi, shemeji wa marehemu, mdogo wake mjane Petronila, kwa sababu katika ukoo mzima hakuna sauti nyingine inayoyanyamazisha mawimbi, na wa nyuma kabisa asiposikia leo, basi ana lake jambo.

Marehemu Casimiro Querevalú Eche alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, hapa hapa Yacila, mtoto wa tano wa Don Fulgencio Querevalú na Doña Jacinta Eche, akatoka macho wazi, anatazama huku na huku kama aliyepotelewa na kitu, hata mkunga akasema huyu hakuja kulia, huyu kaja kuuliza.

Shule alianza mwaka 1958 akaishia darasa la tatu, si kwa kukosa akili, maana alikuwa nazo za kugawia mtaa mzima akabakiwa na za kesho. Aliyeshindwa ni mwalimu, kila asubuhi mtoto anaingia na kitu mfukoni, leo jicho la papa, kesho kibofu cha samaki, mpaka siku nyongo ya ndege mwari ilipopasukia juu ya meza, mwalimu akafuta miwani yake, akamwambia, "Casimiro, mwanangu, nenda baharini, mimi majibu yameniishia." Akaenda na baba yake mwaka 1961, akavua kila chenye mapezi, na ilipofika miaka ya tisini, ngisi wakubwa walipojaa bahari yetu, alivua ngisi mmoja aliyelisha harusi siku mbili na mbwa wakasaza, asiyeamini amuulize Petronila.

Huyo Petronila Amaya Bancayán alimwoa tarehe 17 Julai 1976, kanisani Paita, wakajaliwa watoto watatu, Domitila, Aurelio na Yesenia. Asubuhi Petronila alikuwa anapasua samaki humu ugani na wenzake, mchana anauza chicha, pombe yetu ya mahindi, na akishapandisha bendera nyeupe mlangoni kwamba chicha imeiva, hata padre alikuwa anafupisha mahubiri.

Sasa ndugu zangu, taka za uga huu mnazikumbuka, ngozi, utumbo, na ule unyoya wa ngisi, ule ubao mwembamba ulio mgongoni mwake, unaong'aa kama plastiki, vyote vilikuwa vinamwagwa ufukweni, na harufu yake ilikuwa inawageuza ndege wa angani wakarudi walikotoka. Mwezi wa tano mwaka 2007 akaja mkaguzi wa manispaa, Don Nemesio Purizaca, leso puani, akasema taka hizi zisipoondoka kabla mwaka haujaisha, uga unafungwa. Akina mama wakabaki wanatazamana visu mkononi, maana kazi nyingine hapa Yacila ilikuwa ipi?

Utumbo ulipata wenyewe upesi, kiwanda cha unga wa samaki kikakubali kuuchukua pamoja na ngozi, lakini unyoya kikaukataa, ukabaki mlima. Marehemu akauokota mmoja, akaukunja, akaulamba, akaushika juani akachungulia upande wa pili, akasema, "Mungu hakuweka kitu hiki mgongoni mwa mnyama ili sisi tukitupe, lazima kina kazi, hatujaijua tu." Kuanzia hapo hakulala, hakula, hakuvua. Aliusaga akaona haushikani, aliuchoma ukanuka nywele, ndipo alipoupika kwenye soda kali ya kutengenezea sabuni, akaukosha mpaka maji yakaacha kuteleza, akaurudisha tena kwenye soda nzito zaidi na moto mkali, ukatoka mweupe, laini, hauna harufu hata chembe. Kosa lake moja tu, alipikia kwenye sufuria ya chicha.

"Casimiro! Sufuria ya mama yangu umeifanya nini?"

"Nimeisafisha, Petita."

"Umeitoboa! Ninaona mguu wangu upande wa pili!"

"Basi si unaona jinsi dawa ilivyo na nguvu?"

Alilala nje na mbwa, na mbwa naye alisogea pembeni. Lakini unga ule mweupe akawa nao, na swali likawa lile lile, una kazi gani, kwa sababu ukiutia majini unakaa tu kama mchanga, maji ya moto hautaki, mafuta ya taa hautaki, na mwaka unakwenda. Majirani wakawa wanampitia, "Don Casimiro, leo umepika supu ya kucha?" naye anajibu, "Cheka polepole, kumpare, bakiza cha kesho."

Ikafika tarehe 24 Septemba, sikukuu ya Mama yetu Bikira wa Mercedes, mahujaji wamejaa barabara yote kutoka milimani, nyumba imefurika wenye kiu. Marehemu alikuwa ameuhifadhi unga wake kwenye kata ya kibuyu, imetundikwa ukutani pamoja na kata nyingine za kunywea, maana nyumbani kwetu kibuyu ndiyo kabati. Petronila kwa haraka akanyoosha mkono bila kutazama, akaichukua hiyo hiyo, akaizamisha kwenye mtungi mkubwa wa chicha, akakoroga kama kawaida yake, ndipo alipoona weupe unazunguka.

"Casimiro, nakuua leo, na Bikira anaona."

"Subiri, mke wangu."

"Nisubiri nini, watu wamekaa na kiu!"

"Subiri nitazame tu, halafu uniue."

Akainamia mtungi kichwa kizima. Ule unga uliokataa maji, kwenye uchachu wa chicha ukayeyuka, ukaanza kukamata tope la mahindi, linagandana mabonge mabonge, linashuka lenyewe chini taratibu. Na mnajua wote kwamba klarito, ile chicha safi ya juu, mtu anaingoja siku nzima, akipata vibuyu viwili ashukuru, lakini siku ile mtungi mzima ukawa klarito, unaona mpaka chini, ungeweza kuhesabu punje. Shemeji aliyesimama hapa alikuwa wa kwanza kuionja, akainywa nusu ya mtungi kwa usalama wa wengine. Petronila akaonja, akasema, "Umebaki na unga mwingine?" na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mapenzi makubwa aliyowahi kumwambia.

Aurelio akapeleka unga ule chuoni mjini, akaja mwalimu wa kemia, Zoraida Chunga, akatueleza kwamba unaitwa kitosani, kwamba hupenda uchachu, husafisha vinywaji na maji machafu, na wengine huutengenezea vitambaa vya kufunga vidonda, yeye na marehemu wakakaa wanaulizana mpaka chakula kikapoa. Wenye viwanda vya juisi wakaja kununua, akina mama wakajenga majiko huku nyuma, unyoya ukaacha kwenda ufukweni. Desemba Don Nemesio akarudi, leso tayari mkononi, akazunguka uga wote, akanusa, akanusa tena, akaikunja leso akaitia mfukoni, na uga haukufungwa.

Mwaka jana marehemu alianza kuumwa tumbo, tarehe 2 Aprili mwaka huu akapasuliwa hospitalini Piura, alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Daktari, hicho mlichonitoa mmekitupa? Mmekitazama vizuri?" Akatutoka tarehe 19 Aprili, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Petronila.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliojibu maswali yake yote mia tano, majirani waliomcheka na leo wamembeba, mwalimu Zoraida, na akina mama wa uga huu mliozima majiko kwa heshima yake, kesho myawashe. Nawe Don Casimiro, huko ulikokwenda hakuna aliyerudi kutuambia kuna nini, kachungulie upande wa pili taratibu, huna tena wa kukuharakisha, pumzika kwa amani.