Taa Iliyozibwa kwa Nta

Akina mama mnaopanda basi na mtoto mgonjwa, mwangalieni kwanza dereva na taa zake. Mimi nilikuwa nampeleka Elina wangu hospitali ya Manyoni, homa imempanda, nikakaa nyuma ya dereva, Zefania. Kando yangu alikaa mzee Naftali, aliyeendesha malori ya jeshi la Mwingereza kule Burma. Hilo alitueleza kabla hatujatoka Singida.

Tulipopita Ikungi injini ikaanza kugonga. "Mwanangu, injini inalia hiyo," mzee alisema.

"Inalia tangu mwaka jana, mzee wangu. Ndiyo sauti yake."

"Na taa ya oili hapo kwenye dashibodi inasemaje?"

Zefania akacheka. "Ile nyekundu? Ilikuwa inaniumiza macho, nikaiziba kwa nta ya nyuki."

Mzee akainama mbele, akabandua nta kwa ukucha. Taa ilikuwa inawaka. "Simama! Oili imekwisha, unaiua injini! Huoni mama huyu ana mgonjwa?"

"Kwa sababu ana mgonjwa ndiyo maana sisimami! Burma ulikuwa unasimama kila taa ikiwaka?"

Wote wawili walinitaja, wala hakuna aliyeniuliza.

Walikuwa bado wanabishana injini ilipogonga kwa nguvu, ikanyamaza. Basi likasimama katikati ya pori. Nilimfunga Elina mgongoni, nikashuka, nikaanza kutembea kuelekea Manyoni. Nyuma yangu nilimsikia Zefania akimwambia mzee kwamba injini ilikuwa nzima kabisa mpaka alipoibandua ile nta.