Mtego wa Tano wa Bibi Afya

Watu wanaojua kila kitu wananichosha, na bahati mbaya ndio ninaokunywa nao kahawa. Benchi letu liko nyuma ya soko la Mpanda, kando ya birika la Yunusi, na asubuhi hiyo ya mwaka tisini na sita madiwani walikuwa wanakaa kupitisha uwanja mpya wa mnada wa ng'ombe, kule porini njia ya Sitalike. Sote tuliutaka. Machibya, mfugaji, ndiye aliyeupigia debe kuliko wote, maana ungekuwa mlangoni kwake na mkewe Tereza alishapanga kuuza uji pale. Sasa Athuman, muuza duka tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akaleta habari: uwanjani pale kuna vitambaa vya buluu na vyeusi vimening'inizwa mitini.

— Ni bendera, alisema Redio. Kuna chama kipya kinakuja.

— Chama gani kinafanya kampeni kwa nyani? nikamuuliza.

— Wewe mbishi tu. Wanaanza porini, halafu wanaibukia mjini.

Yotham alicheka kwa dharau. Huyu aliwahi kuwabebea vyombo wapima ardhi miezi miwili, na tangu hapo ukimwita jina lake haitiki mpaka useme Injinia.

— Bendera wapi! Hizo alama za dhahabu. Buluu maana yake ipo, nyeusi maana yake chimbeni hapa. Wazungu wanapiga picha kwa ndege.

— Kitambaa kiko chini ya miti, wataonaje?

— Wana darubini za kupenya majani, aisee!

— Nyie mnacheza, alisema Yunusi akimimina kahawa. Ule ni uchawi. Wenye mnada wa zamani wameufunga uwanja. Ng'ombe akikanyaga pale, anakonda.

— Duh! Palepale?

— Palepale, mnunuzi akiwa anamtazama.

Hapo ndipo Machibya alipofika, kajifunga lubega la buluu na nyeusi, anajikuna kama mtu aliyelalia upupu.

— Acheni fiksi, alisema. Kama ni uchawi, mbona nimeuvaa? Nilikitoa mtini jana, nikafumua mshono. Kitambaa kizima hivi kiachwe porini?

— Unajikuna nini?

— Mbung'o! Wamenifuata njia nzima. Nimepiga pedeli mpaka mnyororo umechomoka.

— Wametumwa na chama, alisema Redio, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Tulikuwa bado tunacheka akashuka mama mmoja kwenye baiskeli. Romana, bibi afya wa wilaya. Hakucheka.

— Samahani, wazee. Nimepoteza mtego wangu wa tano. Wa kitambaa cha buluu na cheusi.

Macho yote yakamwangukia Machibya. Yeye akatazama kitambaa chake.

— Mbung'o wanazipenda rangi hizo, alisema Romana. Wanaingia hawatoki, nawahesabu. Madiwani wamesema nikileta hesabu kamili kabla ya saa sita watanisikiliza. Minne imejaa. Nikiulizwa wa tano uko wapi nikakosa jibu, watasema kazi sikumaliza, na uwanja utapita.

— Si upite, mama! alisema Injinia. Mnada ni maendeleo.

— Sijaukataa mnada. Nauliza kitu kimoja tu. Usiku wa kuamkia mnada, nani atalala pale?

Tulishajua dhahabu ilipo, tulishajua bendera ya nani, lakini nani atalala pale hatukuwa tumefikiria hata kidogo. Nilijisikia mjinga, nasema kweli. Ng'ombe wanafika siku moja kabla, na wenyewe wanalala nao nyasini.

Machibya ndiye aliyefungua mdomo. Mdogo wake, Ngusa, alikufa mwaka juzi. Alianza kusinzia mchana, akasinzia hata akiwa amesimama, mwisho hakuamka. Hospitali walisema malale, ugonjwa wa mbung'o. Sisi hapa benchini tulisema karogwa.

— Tereza, alisema Machibya. Atalala Tereza na watoto. Alitaka kuwasha moto wa uji mapema.

Akasimama, akafungua lubega, akageuza mgongo.

— Mama, mtego wako niliuvaa mimi. Nihesabu.

Yunusi aliacha birika lake akasaidia kuhesabu. Alama thelathini na moja, mbichi, zimevimba. Romana akaziandika zote, na sote tukamfuata mpaka ukumbini, tukajazana madirishani.

Kweli bwana, diwani mmoja akauliza mtego wa tano uko wapi.

— Huu hapa, alisema Machibya, akageuka. Waheshimiwa, mimi ndiye niliyewaandikia barua ya kuomba uwanja ule. Barua hiyo naifuta. Kama yupo anayeutaka bado, leo twende tukalale wote.

Mikono ya kuukataa uwanja ikapanda, siwezi kusema mingapi, nilikuwa napiga kelele. Mnada ukapelekwa kwenye uwazi upande wa Kasekese, mbali na pori. Tena wakaandika kwenye muhtasari kwamba kuanzia leo, iwe mnada, kisima au barabara, haipiti mpaka bibi afya akaangalie kwanza itawafanya nini watu.

Akina mama wa sokoni walipiga vigelegele. Redio akawa anatangaza kwa kila apitaye. Injinia akambeba Machibya mabegani, na Machibya, ambaye sasa atatembea mbali kuliko sisi wote kwenda mnadani, anacheka na machozi yanamtoka.

Romana alikaa kwenye ngazi, karatasi zake magotini.

— Umeshinda, mama, nikamwambia. Mbona hushangilii?

— Miaka tisa naandika ripoti, alisema. Zote niliandika baada ya mazishi. Hii ndiyo ya kwanza kuandika kabla.