Uzio wa Bi Mwanamina

Baba Padre, Shehe wetu, wazee, majirani wa Mkongo, na ndugu mliosafiri kutoka Songea, familia inasimama mbele yenu kuwasomea safari ya maisha ya marehemu mzee wetu Osmundi Ngonyani, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, na ninyi watani wake, kwa sababu itakayosomwa hapa, mlimwita Nguruwe.

Fundi Osmundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika kijiji cha Maposeni, karibu na Peramiho, akabatizwa akiwa na siku nane. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1945 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1951, kisha akajifunza useremala kwa miaka mitatu, na mwalimu wake akaandika kwenye cheti kwamba kijana huyu ana mkono mzuri, ila hapendi kuonekana amekosea. Cheti hicho kipo hadi leo, na maneno hayo yapo.

Mwaka 1958 alikuja Mohoro kutengeneza milango ya maghala ya pamba, akalipenda bonde hili na watu wake. Tarehe 20 Julai 1963 alifunga ndoa Peramiho na mama yetu, Agatha Haule, wakajaliwa watoto watano, Kornelia, Bosko, Fausta, Titus, na marehemu Ladislaus aliyetangulia akiwa mchanga. Mwaka 1968, wakazi wa bondeni walipohamishiwa huku juu, naye alihamia Mkongo, na katika kijiji hiki hakuna nyumba ambayo haina mlango, kitanda au jeneza lililopita mikononi mwake. Maduka yalipoanza kujaa tena, baada ya ile miaka ya foleni za sabuni, shelfu nyingi za kupangia bidhaa alizitengeneza yeye.

Hapa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliagiza pasirukwe, na Bi Mwanamina binti Shaabani, aliyekaa pale mbele, ametupa ruhusa.

Kama ninyi nyote, Fundi alilima mpunga bondeni, na mpunga ulipokaribia kuiva alihamia kwenye dungu, kibanda chake cha nguzo ndefu, kuulinda dhidi ya nguruwe na ndege, na shamba lake lilipakana na la Bi Mwanamina, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Mwezi Mei 1987 nguruwe walivamia shamba la Fundi siku mbili mfululizo, akaingiwa na hofu ya njaa, usiku wa tatu akashuka na panga lake, akakata fito za uzio wa jirani yake, ili nguruwe wapate njia iliyo nyepesi zaidi. Walipita hapo, wakamaliza mpunga wote wa mjane. Kulipokucha alikwenda na nyundo kumtengenezea uzio, naye Bi Mwanamina alimshukuru, akampa mua.

Watu walisema mama yule alisinzia, wakamwita Bi Usingizi, kisimani, shambani, hata harusini alipoombwa kuangalia sufuria, na Fundi alicheka pamoja na wenzake. Kilichokuwa kibaya kuliko vyote ni kwamba Bi Mwanamina mwenyewe aliamini, kwa kuwa usiku ule alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hawezi kuapa kwamba hakufumba macho.

Kwa miaka mitatu Fundi hakupokea komunyo, alikaa benchi la nyuma, alilolichonga mwenyewe, akijitafutia nafuu kwa kazi za mikono. Alimtengenezea Bi Mwanamina mlango bila malipo, akamrekebishia paa, akapeleka mpunga mlangoni pake bila kujitaja, na kila alipotoa moyo ulizidi kuwa mzito, maana alikuwa akitaka kununua kitu ambacho hakiuzwi.

Jumamosi tarehe 7 Aprili 1990, wakati wa Kwaresima, Padre alifika kigangoni, na Fundi akaungama. Alitusimulia mara nyingi alichoambiwa, kwamba Kristo amekwisha kumkomboa pale msalabani, na mtu aliyekombolewa hahitaji tena kujificha. Basi asiende kwa jirani yake kulipa, bali aende kusema kweli.

Jumatatu alikwenda, yeye akiwa katika Kwaresima, Bi Mwanamina akiwa katika Ramadhani, wote wawili wana njaa. Alimkuta juu ya dungu lake, akasimama chini ya ngazi, akasema yote, hata kwamba alipokuwa akikata fito alimsikia mama huyu akipiga debe upande wa pili wa shamba. Bi Mwanamina akasema, "Kumbe nilikuwa macho." Akarudia, "Miaka mitatu najilaumu, Fundi, kumbe mie nilikuwa macho." Akalia, na Fundi akalia, na ndege wakala mpunga siku hiyo bila kufukuzwa.

Alimsamehe palepale, ila alitaka jina lake lisafishwe mbele ya wale wale waliolichafua. Siku ya Idd, mbele ya baraza lote, Fundi aliyaeleza makosa yake, na kabla hajaketi mtani wake, Mzee Bwanaheri, alisema, "Tulikuwa tunamsaka porini, kumbe nguruwe mwenyewe anachonga vitanda." Baraza lilicheka, na Fundi, ambaye hakupenda kuonekana amekosea, alicheka kuliko wote. Jina hilo alilibeba hadi mwisho, wala halikumwuma, na kwa jina hilo sisi watoto wake tulielewa maana ya mtu huru.

Fundi alipoomba amlindie shamba, Bi Mwanamina alijibu, "Kulinda njoo, lakini usije kama mfungwa." Alilinda misimu minane, akipiga debe na kuimba nyimbo za Pasaka kwa sauti mbaya, hata nguruwe waliona heri wakae mbali.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1998 miguu ilianza kumvimba, ikagundulika kuwa moyo wake umechoka, akalazwa hospitali ya wilaya Utete mara mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Katika siku zake za mwisho alipokea sakramenti, akamwuliza Bi Mwanamina kama mpunga umeiva na nani analinda, naye akamjibu, "Lala, Fundi. Zamu hii nalinda mie." Alifariki dunia Jumatano tarehe 9 Juni 1999, saa nne asubuhi, uso wake ukiwa umetulia.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Utete, Baba Padre na wanakigango, mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili na kukataa ujira, vijana wa Kiislamu waliochimba kaburi tangu alfajiri, na watani waliotuibia hata sufuria ya wali, kama desturi inavyowaruhusu.

Fundi wetu, mpunga umeiva, uzio ni mzima, na walio macho wapo. Lala kwa amani.