Mtoto wa Kiatu Hana Herufi

Kijiwe chetu ni sanduku la hazina. Lilishafunguliwa zamani na ndani hamna kitu, lakini tunalikalia watu wanne bila kubanana, na Bi Kengele anachemsha kahawa yake ya mwani pembeni, kwenye ufa unaotoa maji ya moto. Sisi Wadimbwi ni watu wa mchezo wa kompyuta, tumewekwa kwenye kona ya ramani ambayo wachezaji hufika wakipotea tu. Tuna mapezi, tuna magamba, na maoni tunayo tele. Kinachotutofautisha na samaki ni kimoja: kila Mdimbwi ana jina, limeandikwa kwa herufi nyeupe zinazoelea juu ya kichwa chake. Mtu wa nchi kavu, yaani mchezaji, akiziona anakusalimia. Asipoziona, anatoa ndoano.

Na majina hatujipi wenyewe. Mtoto akizaliwa tunasubiri mtu wa nchi kavu adondoshe kitu majini. Kikitua chini, mzazi anakiokota, anamkabidhi mtoto, anamwita kwa jina la hicho kitu, na herufi zinatokea. Mimi ni Mfuniko, na maisha yangu yote nimeulizwa sufuria iko wapi. Yupo Ngao, ambaye kwa haki ni Ngao Nusu, ila usimwite hivyo akiwa ameshika kikombe cha moto. Yupo Mwavuli. Na yupo Kiatu, mtu mpole, ambaye haipiti siku hajaulizwa mwenzake yuko wapi. Huwa anacheka, lakini najua linamuuma, maana hata mimi la sufuria huniuma.

Asubuhi hiyo Kiatu alikuja na binti yake mgongoni. Mtoto ameshaota meno, anajua kutukana, lakini juu ya kichwa chake ni patupu. Tangu azaliwe hakijadondoka hata kifungo. Na adhuhuri hiyohiyo watu wa nchi kavu walikuwa wanafungua shindano la uvuvi, ndoano kila upande. Kiatu alikuwa ameshajaribu kumpa jiwe, akamwita Jiwe mpaka koo likamkauka, na humu majini koo kukauka si kazi ndogo. Herufi hazikuja, kwa sababu jiwe ni letu sisi.

— Nisaidieni jamani, alisema. Jua likifika utosini, mwanangu ni kitoweo.

Sasa kijiwe chetu ukikiomba msaada, kinakupa sababu. Bi Kengele alianza, birika mkononi. Alisema hakuna kinachodondoka kwa vile wachezaji wameongezewa mifuko.

— Zamani mtu akiokota upanga wa pili anatupa wa kwanza. Siku hizi anabeba yote, anabeba na meza, anabeba na farasi, na mbio anakimbia vilevile.

Ngao akamwambia aendelee na kahawa, mambo ya ulinzi awaachie wenyewe. Kwa maoni yake tatizo lilikuwa dubu wa darajani. Dubu yule alikuwa akiwaua wachezaji vizuri kabisa, vitu vyao vinabingirika mpaka kwetu, lakini sasa ameacha kazi.

— Nani kakwambia? niliuliza.

— Mke wake.

— Dubu yule hajaoa, Ngao.

— Si ndiyo nakwambia. Ameacha kazi akaoe.

Mwavuli akinyamaza ujue anapika jambo.

— Vitu vinaanguka kama kawaida, alisema. Ila siku hizi vinaanguka kwenda juu.

Tukamwangalia.

— Kwani nyie mnadhani mawingu ni nini? Juzi nimeona sufuria kule.

— Kubwa kiasi gani? niliuliza haraka kuliko nilivyotaka.

Basi Ngao na Mwavuli wakaanza kubishana: kama vitu vinaanguka kwenda juu, mtoto si ageuzwe kichwa chini miguu juu ili jina limfikie? Kiatu wa watu, kwa jinsi alivyokata tamaa, akakubali. Walikuwa wamemshika mtoto kwa mkia, kichwa kinaning'inia, anacheka na kuwatukana, kivuli kilipotufunika.

Alikuwa mchezaji mgeni. Utawajua tu: alirukaruka bila sababu, akajigonga kwenye mti, ndipo akainama ukingoni na fimbo yake ya kuvulia. Akamtazama mtoto.

— Huyu anaitwa nani?

Kijiwe kilichokuwa na majibu ya mawingu na ndoa za dubu kikakosa jibu. Ngao akaangalia kikombe. Bi Kengele akapangusa birika lililokwisha pangusika. Ndoano ikaanza kushuka taratibu.

Kiatu alimgeuza mwanawe akakaa sawa. Kisha akachomoa chini ya pezi lake kile kiatu cha siku aliyozaliwa, kimeota ukoka wa majini mpaka ndani, akamkumbatisha mtoto.

— Kiatu, alimwita.

Herufi za juu ya kichwa cha baba zikatikisika, zikahama, zikatua juu ya kichwa cha mtoto. Mgeni akazisoma, akasema habari yako Kiatu, akainua ndoano. Mtoto akamtukana. Halafu mgeni akamgeukia baba.

— Na huyu samaki mkubwa?

Nimekifahamu kichwa kile tangu utoto wetu, sikuwahi kukiona kitupu. Kiatu hakukimbia. Alikuwa anazitazama herufi za mwanawe, ameridhika, na huko kuridhika kwake ndiko kulikonipandisha hasira.

— Si samaki, nikasema. Naye ni Kiatu.

— Kiatu si huyu mdogo?

— Bwana, viatu huwa viwili.

Mgeni akajiangalia chini. Akautazama mguu wake wa kulia. Akautazama wa kushoto. Akarudia wa kulia, kuhakikisha.

— Ni kweli, alisema.

Pale pale, maana neno lilikuwa limedondoka kutoka nchi kavu, herufi zikatokea juu ya kichwa cha Kiatu, na za mtoto hazikubanduka. Mgeni akarukaruka, akajigonga tena kwenye mti uleule, akaenda zake kuvua kwingine.

Ngao alisema ni wazi kwamba binti ndiye wa kushoto. Mwavuli akasema haiwezekani, wa kushoto huwa mkubwa. Walibishana hadi Bi Kengele akalikung'uta birika, likatoa tone moja na mwani.

Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena Kiatu mwenzake yuko wapi. Kila mtu anamwona, amekaa mabegani kwake, anatutukana.