Mshenga Aliyeshindwa na Ndoa Moja: Mzee Simeo Shemhilu (1953–2025)

Mzee Simeo Yohana Shemhilu alizaliwa Vuga, milimani Usambara, tarehe 14 Februari 1953, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yohana na marehemu Bibi Naomi. Bibi Naomi alikuwa akisema mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alitazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyekuta watu wanagombana na hajui aanzie kwa nani. Familia imeyapokea maneno hayo hivyo hivyo, maana shahidi mwingine hakubaki.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Vuga kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akajifunza useremala kwa fundi wa misheni. Mwaka 1974 aliteremka tambarare, akafungua karakana Misima, wilayani Handeni, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi mikono ilipomkatalia. Vitanda, milango, madawati na majeneza, vyote alivitengeneza. Mwaka 1998 hospitali moja ya Korogwe ilimpa kazi ya mabenchi ya wagonjwa. Alipoulizwa kwa nini anayafanya mapana na mazito namna ile, alijibu, "Mgonjwa hakai kidogo." Masikini, hakujua kwamba anajitengenezea mwenyewe.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Rosina Kaniki katika usharika wa Vuga. Siku ya kupeleka posa mshenga wake alichelewa, na Simeo, kwa haraka ya ujana, akaingia mwenyewe kwa wakwe kujisemea. Alipigwa faini ya mbuzi, na mpaka leo wapo wazee wanaocheka wakikumbuka. Tangu hapo aliapa kwamba kijana yeyote anayemjua hatakosa mshenga. Alisimamia posa thelathini na moja, za Washambaa, Wazigua na Wabondei, na kama ilivyo desturi, ndoa ikitetereka aliyeitwa kwanza alikuwa yeye.

Alikuwa na kanuni moja katika usuluhishi. Mikaeli na mkewe Glory, ambao wapo hapa leo, wanaijua vizuri. Mwaka 2009 waligombana mpaka Glory akafunga mizigo. Mzee Simeo alifika asubuhi, akakataa kiti, akauliza, "Mtoto amekula?" Hakuwa amekula. Akaagiza uji uchemshwe. Mikaeli akaja juu: "Mzee, umekuja kunisikiliza mimi au kupika uji?" Mzee akamwonyesha mtoto kwa kidole. "Nitakusikiliza mpaka jioni. Lakini huyu hajagombana na mtu." Mtoto alikunywa uji, wazazi wakasikilizwa, na jioni wakala ugali sahani moja mbele yake, maana bila sahani moja yeye hakuondoka. Mikaeli na Glory sasa wana watoto wanne.

Figo zake zilianza kusumbua mwaka 2022. Kuanzia Januari 2024 alisafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, katika hospitali ile ile ya mabenchi. Yeye na mkewe walitibiwa kwa kadi ya bima waliyoipata kupitia kazi ya binti yao Yasinta, anayesoma wasifu huu. Kwa mwaka mmoja na nusu hakukosa hata siku moja. Alinenepa kidogo, akarudi kusukuma randa, na akaanza kuulizia ni kijana gani Misima hajaoa.

Jumanne, tarehe 1 Julai 2025, alifika dirishani akakuta tangazo limebandikwa. Mchungaji ameishauri familia isitaje majina ya taasisi, nasi tumetii, ingawa kwa shingo upande. Binti wa dirishani, Upendo, alimwambia kwa upole, "Shikamoo babu. Kadi yako haina tatizo. Tatizo ni hospitali na bima. Mkataba umesimama."

"Marahaba mwanangu. Sasa mimi nasimama wapi?"

Mzee alikaa kwenye benchi lake mwenyewe mpaka saa nane mchana, kisha akarudi Misima bila kusafishwa damu.

Yasinta alipiga simu bima. Baada ya muziki mrefu, sauti ikamwelekeza kwenye kituo cha karibu kilichomo katika orodha yao, Handeni mjini. Mzee alikwenda, kwa sababu aliamini mtu akikuonyesha mlango, piga hodi kwanza ndipo umlaumu. Kilikuwa kituo cha macho. Hapo kadi ilipokelewa kwa mikono miwili, akapimwa, akapewa miwani. Ndiyo hiyo anayoivaa kwenye picha ya mbele ya ratiba yenu. Macho yake hayakuwa na shida yoyote.

Ndipo akasema, "Hawa wameoana na wamegombana, na hakuna aliyewaendea." Akavaa koti la posa. Jirani yake, Mzee Muhidini, akafuatana naye ili asianguke njiani. Korogwe, Katibu wa hospitali alisema bima wanachelewesha malipo na kukatakata madai, ila yeye yuko tayari kwa mazungumzo wakati wowote. Handeni mjini, Meneja wa bima alisema hospitali imepandisha bei bila kukubaliana, ila yeye yuko tayari kwa mazungumzo wakati wowote. Wote tayari, na hakuna aliyenyanyua simu. Mzee alibeba barua ya Katibu mpaka kwa Meneja, akaambiwa barua hupokelewa makao makuu Dar es Salaam, tena kwa mfumo, si kwa mkono. Akairudisha Korogwe, akaambiwa mfumo hauonekani tangu Jumatatu. Mzee Muhidini aliishiwa subira. "Simeo, mimi nimeoa wake wawili, sijaona ugomvi wa namna hii. Wangu angalau wananijibu."

Katika kila ofisi Mzee aliweka kadi mezani na kusema maneno yale yale: "Sikuja kuamua nani ana kosa. Gombaneni mpaka mwakani. Lakini mimi sijagombana na mtu." Katika kila ofisi alipewa kiti, maji ya kunywa na pole.

Familia ilichangishana, akasafishwa damu kwa fedha taslimu Jumanne ya tarehe 8 na ya tarehe 15. Ijumaa zote alikosa. Tarehe 22 alipelekwa Tanga, kwenye hospitali ya orodha yenye mashine, akakuta foleni, akapangiwa wiki inayofuata. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi imekuwa fupi. Njiani kurudi alimwambia Yasinta, "Usiwachukie. Ila usiwaache." Alifariki dunia nyumbani Misima, Alhamisi tarehe 24 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Yasinta anakiri hapa mbele ya kaburi kwamba sehemu ya kwanza ya wosia huo bado inamshinda.

Mzee ameacha mjane, Bibi Rosina, watoto watatu, Yasinta, Clinton na Simeo mdogo, wajukuu saba, ndoa ishirini na tisa zinazosimama (mbili zilikatizwa na kifo tu), na randa yake, ambayo haiazimwi.

Familia inawashukuru majirani wote wa Misima, na Mzee Muhidini aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake. Inawashukuru pia Bwana Katibu na Bwana Meneja, ambao wamekuja, kila mmoja na shada lake, na wamekaa mstari mmoja, huyu mwisho huku na yule mwisho kule. Karibuni sana. Baada ya mazishi kuna chakula, nanyi mmetengewa wali na maharage sahani moja. Hatuwatanii, ndivyo marehemu alivyofanya kwa wote aliowasuluhisha. Mikaeli na Glory watakaa nanyi wawaonyeshe.

Lakini kanuni yake mmeisikia. Bibi Rosina ana presha na sukari, na dawa zake zinaisha Jumatatu. Kliniki yake ni Jumanne, tarehe 29, saa mbili asubuhi, dirisha lile lile, kadi ile ile. Atakaa kwenye benchi la mume wake. Mama huyu hajagombana na mtu.

Mzee Simeo, lala kwa amani, safari zako kati ya Korogwe na Handeni zimekwisha. Jumanne tutakwenda sisi.