Kidonge Kilichotoka Baharini

Mama zangu na dada zangu, mnisamehe, nitaongea nikiwa nimekaa. Huu mguu ukisimama sana unagoma.

Mnanijua, fundi wa nguo wa Kapsoya. Nusu ya watoto wenu nimewashonea yunifomu. Mwaka jana daktari alinipima damu, akasema mafuta yamezidi. Akanipa tembe, moja kila jioni, nisiache. Nikaanza vizuri.

Jumapili moja baada ya ibada, mtu akanishika mkono pale mlangoni pa kanisa letu. Simtaji. Akatoa kichupa cha vidonge vya mwani, yale majani ya baharini, na mafuta ya samaki ndani yake.

"Mama, umeokoka na bado unameza kemikali? Hii ni ya asili. Mungu aliumba bahari, hakuumba kiwanda."

Ndugu zangu, nawaambia, hayo maneno yaliniingia kuliko mahubiri ya siku hiyo. Na bahari yenyewe sijawahi kuiona! Mimi ni mtu wa maziwa na mahindi. Nikakinunua, nikaficha tembe za daktari kwa mkebe wa vifungo, nikawa nameza bahari. Tena kwa sababu niliambiwa inaosha damu, nikarudia nyama ya mafuta bila wasiwasi.

Asubuhi moja nikikata kitambaa, makasi yakaanguka. Nikayaokota, yakaanguka tena. Nikamwita binti yangu, mdomo ukatoa maneno ya mlevi. Ilikuwa stroki, kiharusi.

Hospitalini nesi akauliza natumia dawa gani. Binti yangu akampa kichupa, akasema ni dawa ya asili, imetoka baharini. Nesi akakigeuza geuza.

"Mama, hiki kilitoka kwa maji kikiwa na kifuniko?"

Nililia kwa aibu. Akaniambia mafuta ya samaki huenda yakasaidia wengine, lakini hayachukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa. "Ungetuuliza tu."

Namshukuru yule nesi. Namshukuru binti yangu, aliyenifanyisha mazoezi ya kuokota vifungo, kimoja kimoja, kutoka kwa mkebe ule ule. Nyinyi mlionifulia, asanteni. Sasa nashika makasi, ingawa yanakata kombo. Mkipewa dawa, ulizeni kabla ya kuiacha.

Aliyeniuzia alikuja wodini na kichupa kingine, akasema eti nilikuwa nameza kidogo. Leo yuko hapa, amekaa. Dada, mdomo umekusamehe. Moyo unakuja nyuma, unachechemea kama mimi. Lakini kama bado unavyo vile vichupa kwa mkoba, tukitoka, usivitoe pale mlangoni.